Taa Niliyoifunika kwa Utepe

Mwezi Machi mwaka 2022, nikitoka nyumbani Shangani, Mtwara, kwenda kazini, taa ndogo ya manjano iliwaka kwenye dashibodi ya gari langu. Umbo lake ni mfano wa chungu kilicho wazi kwa juu, na ndani yake mna alama ya mshangao. Kila nilipowasha gari, taa ile iliwaka na kuzima kwa muda wa dakika moja hivi, kisha ikatulia ikiwaka moja kwa moja. Fundi niliyempelekea alipima upepo wa tairi zote nne, akaukuta uko sawa, akanieleza kwamba huo ndio ugonjwa wa magari yaliyotumika Ulaya, halafu akakata kipande cha utepe mweusi wa umeme na kuibandika taa ile isinisumbue macho. Nilimlipa, nikamshukuru, na kwa miezi minane nikaliendesha gari huku taa ikiwaka chini ya utepe.

Mwezi Novemba tulikuwa na arobaini ya mama mkubwa huko Mtama. Khitma ilipangwa kuanza saa nne asubuhi, nasi tuliondoka Mtwara saa kumi na mbili na nusu: mama nyuma, mjomba mbele pamoja nami, na kwenye buti magunia mawili ya mchele pamoja na ndoo ya mafuta ya kula. Tulipoipita Mpapura mama alisema, "Mwanangu, huku nyuma gari linayumba." Nilimjibu kwamba ni barabara. Baada ya mwendo mfupi alirudia maneno yaleyale, safari hii ameshika kiti changu kwa mkono, nami nikamwambia, "Mama, tutafika tu, usiogope." Jibu hilo linanichoma hadi leo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amekaa juu ya tairi lenyewe, na alichokuwa akikisema kilikuwa kweli tupu.

Haukupita muda nikasikia mpira ukipigapiga lami na harufu ya kuungua ikaingia ndani. Nililipeleka gari taratibu pembeni bila kukanyaga breki kwa nguvu. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limelala chini, na nilipolisogezea kiganja joto lake lilinifikia kabla sijaligusa. Mjomba alikata matawi ya mkorosho akayapanga barabarani, nyuma yetu na mbele, ili wenye malori wajue kuna gari bovu, kisha akaweka jiwe kwenye tairi la mbele. Tulilegeza nati kabla ya kuinua gari. Moja ilikaza mno hata mjomba akalazimika kuisimamia spana kwa miguu yote miwili, huku ameshika paa la gari. Mchanga wa kule nao haubebi kitu. Jeki ilizama mara mbili, hadi kijana aliyekuwa akipita kwa baiskeli alipotuletea kipande cha ubao cha kuweka chini yake.

Tairi la akiba lilikuwa lile jembamba la muda, lililoandikwa ubavuni kwamba lisizidi kilomita 80 kwa saa na kwamba lijazwe upepo paundi 60. Halikuwa hata na nusu yake. Tangu ninunue gari sikuwahi kulipima, na hakuna taa yoyote ambayo ingenionya juu yake. Tukaenda nalo mwendo wa kilomita 40 kwa saa, mama akiwa kimya nyuma, mpaka Mnazi Mmoja, pale barabara ya Lindi inapoachana na ya Masasi.

Fundi pancha wa pale alilivua tairi kwenye rimu, akaliinamisha, na unga mweusi ukamwagika miguuni pake, mwingi wa kujaa kiganja, laini kama masizi ya chungu. Ulikuwa ni mpira wa ndani ya tairi lenyewe, uliosagwa na rimu. Alinionyesha msumari uliokuwa kwenye sehemu ya kukanyagia, mfupi, ambao angeuziba kwa kiraka katika muda mchache sana. "Dada," aliniambia, "msumari haujaliua tairi hili. Limekufa kwa kutembea bila upepo." Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka, na joto la kujikunja huko ndilo linaloupasua mpira. Mzigo ukiwa mzito, joto huongezeka. Alinifungulia mlango wa dereva akanionyesha karatasi iliyobandikwa kwenye fremu, yenye vipimo viwili vya upepo, kimoja cha gari jepesi na kingine cha gari lililojaa. Sikuwahi kuisoma.

Nilimweleza habari za taa. Aliuliza swali moja tu: ilipoanza, iliwaka moja kwa moja au ilimetameta kwanza? Hapo ndipo nilipojua kwamba taa ile ina kauli mbili. Ikiwaka bila kumetameta, tairi limepungukiwa upepo. Ikimetameta kwanza, mfumo wenyewe wa kupima upepo una hitilafu. Baadaye nilisoma kwamba Ulaya ililazimisha mfumo huo katika magari yote mapya ya abiria kuanzia Novemba 2014, na Marekani ilikwisha kutangulia mwaka 2007, ikitaka dereva aonywe tairi linapopungukiwa robo ya upepo wake. Gari langu lina vihisi, ambavyo mafundi huviita sensa, ndani ya kila rimu, vinavyopima upepo na kutuma habari kwa mawimbi ya redio. Kila kimoja kina betri yake iliyofungiwa humohumo, isiyobadilishwa peke yake, na ambayo kwa kawaida hudumu kati ya miaka mitano na kumi. Kimoja cha mbele kilikuwa kimekufa. Taa ilikuwa ikiniambia hilo tangu Machi, na kwa kuwa ilikwisha kuwaka, msumari ulipoingia nyuma haikuwa na namna nyingine ya kuniita, hata kama nisingeifunika.

Tairi lililotumika liliagizwa Lindi, likaletwa kwa bodaboda. Tulifika Mtama saa nane mchana. Dua ilikwisha kusomwa, majamvi yamekunjwa, na wanawake walikuwa wakisugua masufuria kwa mchanga. Mama hakulitaja tairi wala hakunilaumu. Alimwomba mjomba ampeleke kwenye kaburi la dada yake, wakaondoka wawili, naye akitembea mbele.

Nilipowasha gari ili nilisogeze kivulini, niliubandua ule utepe. Ulikuwa umeshikana na kioo kwa joto la miezi minane, ikabidi niukwangue kwa ukucha. Taa ikametameta dakika nzima, kisha ikatulia.