Sandwichi ya hemu na jibini: kumbe adui alikuwa maji

Hapa Njombe tuna nguruwe na tuna jibini. Nguruwe wanafugwa mitaa mingi, na kiwanda cha maziwa cha hapa kilianza kwa msaada wa Waitalia, ndiyo maana kinatengeneza jibini za kwao. Kwa hiyo iliniuma kwamba sandwichi ya hemu (paja la nguruwe lililolowekwa chumvi na kupikwa) na jibini niliyokuwa nikimfungia mume wangu akienda Makambako ilirudi nusu haijaliwa. Halalamiki ovyo. Aliniambia tu, "Mama watoto, mkate umelowa tena."

Nilianza kwa kulaumu mkate. Nikabadilisha duka, nikachukua mkate mzito zaidi, ukalowa vilevile. Kisha siku moja nilipanga vipande vya hemu ya pakiti kwenye sahani, nikatoka kuanua nguo. Niliporudi, sahani ilikuwa na maji. Hemu nyingi za pakiti huchomwa sindano za maji ya chumvi kabla ya kupikwa, na zikipata joto zinayarudisha. Na mimi juu yake nilikuwa naweka nyanya!

Nyanya niliiacha siku hiyohiyo. Hemu ndiyo iliyonichukua miezi mitatu, maana niliamua kuitengeneza mwenyewe.

Buchani niliomba paja lisilo na mfupa, kilo moja na nusu, na nikaomba kuona muhuri wa mkaguzi wa nyama. "Kamwene, dada, leo umekuja kama bwana afya," muuzaji akacheka, lakini akanigeuzia nyama nikauona. Kwa hili sioni haya. Tegu wa nguruwe yupo katika nyanda zetu za juu kusini. Kwenye nyama huonekana kama punje nyeupe, na anayeila nyama hiyo bila kuiva hupata mnyoo tumboni. Mayai ya mnyoo huyo yakisambaa kwa uchafu na kumwingia mtu, mabuu yake yanaweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Muhuri kwanza, kisha nyama iive hadi katikati.

Paja nililigawa vipande viwili ili chumvi ifike ndani. Maji lita 2, chumvi gramu 120, sukari gramu 60, karafuu sita, pilipili manga na punje tatu za kitunguu saumu. Nilichemsha mpaka chumvi ikayeyuka, nikaacha maji yapoe kabisa. Mara ya kwanza sikusubiri. Nyama iliingia kwenye maji ya vuguvugu, siku ya pili ikanuka, nikaitupa yote kwa uchungu. Safari hii ilikaa ndani ya friji siku nne, ikiwa imekandamizwa na sahani isielee.

Baada ya hapo niliisuuza, nikaipika kwenye maji mapya kwa saa mbili, moto ule ambao maji yanatetemeka bila kutokota. Yakitokota nyama inakuwa nyuzinyuzi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi kama 93 badala ya 100, kwa hiyo sina haraka ya kuepua. Ikipoa inalala kwenye friji usiku mzima. Ukiikata ya moto inavunjika. Ikiwa baridi, kisu kikali kinakupa vipande vyembamba unavyoweza kukunja. Rangi yake ni ya kijivu. Ule wekundu wa dukani unatokana na chumvi maalumu yenye naitraiti, ambayo pia husaidia nyama kukaa. Yangu haina, kwa hiyo tunaimaliza ndani ya siku nne.

Jibini ninayotumia ni caciotta, ambayo haizeeshwi muda mrefu na huyeyuka vizuri. Jibini iliyozeeka sana hutoa mafuta na kubaki punjepunje. Naitoa kwenye friji mapema, naikwangua kwa kile kifaa cha karoti. Ukiweka bonge, mkate utaungua kabla jibini haijashtuka.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni samli. Siagi ina maji na chembe za maziwa, na chembe hizo ndizo zinazowahi kuungua zikaacha madoa meusi. Samli imeshatolewa vyote viwili. Naipaka kwa nje tu, nyembamba, kwenye slesi za mkate wa jana. Ndani napaka haradali kidogo. Bila kitu kikali, mafuta na chumvi vinachosha ulimi.

Vipande vya hemu, hata hii yangu, navipitisha kwanza kwenye kikaango kikavu, sekunde kadhaa kila upande, mpaka unyevu ukauke na kingo zianze kujikunja. Jibini inakwenda chini na juu ya nyama ili ishike slesi zote mbili. Kikaango kizito, gesi ya chini kabisa, nafunika dakika mbili za mwanzo ili joto lizunguke, halafu nafunua ili mvuke utoke. Dakika nne hivi kila upande. Nilikuwa nikiongeza moto kwa sababu watoto wanasubiri, na kila mara nilipata mkate mweusi wenye jibini baridi.

Ikiiva siilazi kwenye sahani bapa, maana mvuke unarudi chini na kuulowesha mkate. Naiegemeza kwenye kikombe dakika moja. Ya safari inapoa kabisa kwanza, ndipo naifunga kwa karatasi.

Baba mkwe alikuja Jumapili. Ni mtu wa kitimoto ya kuchoma na ndizi, na mkate kwake si chakula. Alikula moja kimya, akafuta vidole, akamgeukia mwanawe: "Hii ndiyo ulikuwa unarudisha?"

"Hapana, baba. Ile ilikuwa nyingine."

"Basi mkwe, nikatie na ya mama yako, nimpelekee."