Upepo unatoka wapi?

Juzi jioni mwenzangu aliniletea mchoro wake wa wino na rangi za maji. Jahazi limetoka Unguja linaelekea Lamu, msimu wa kusi, upepo utokao kusini, na mtoto amekaa juu ya magunia anamenya chungwa. Ni ukurasa wa kitabu cha watoto anachokichora tangu mwaka jana. "Kaka, nitazamie, usinifiche," akaniambia. Nikatazama, nikasema, "Mchoro umependeza sana." Akaenda zake.

Usiku usingizi ukaniruka. Niliona kitu nikakinyamazia. Tanga lilikuwa limejaa, limetuna kuelekea omo, yaani mbele ya chombo, lakini bendera kule tezi, nyuma ya chombo, ilipepea kurudi nyuma. Upepo mmoja, pande mbili.

Najua kilichonifunga mdomo. Nilipokuwa naanza kazi hii, mkubwa mmoja alishika kalamu nyekundu akachora juu ya mchoro wangu, mbele ya watu. Alichosema kilikuwa sahihi, lakini miezi mingi sikugusa brashi. Nikaapa sitamvunja mtu moyo, na kiapo hicho polepole kikawa kunyamaza. Huyu dada aliniomba macho yangu, nikampa sifa.

Jana asubuhi nikamfuata. Nikamtaka radhi kwanza. Nikamwambia nilichokipenda hasa: foromali, ule mti unaobeba tanga, aliyoichora ikipindika kwa uzito wa tanga, mpaka unausikia mti ukilia. Kisha nikauliza, "Hapa upepo unatoka wapi?"

"Nyuma. Si kusi hii?" Akanyamaza. Kidole chake kikatoka kwenye tanga, kikaenda kwenye bendera, kikatulia hapo. "Nimechora bendera ya boti ya mashine."

Ndivyo. Boti ya mashine huweza kukimbia kuliko upepo, bendera ikalala nyuma. Jahazi linalosukumwa na kusi kutoka tezi haliwezi kuupita upepo unaolisukuma, kwa hiyo bendera huelekea mbele, upande uleule wa tumbo la tanga.

Nilikuwa na karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Tukaitandaza juu ya mchoro, penseli nikampa yeye. Akaigeuza bendera. Bila kuambiwa akaugeuza na mtandio wa mama aliyekaa karibu na usukani, kisha moshi wa jiko. Mlingoti alikuwa ameusimamisha wima. Hilo nilimwambia waziwazi, kwamba wa jahazi huinamia mbele kidogo, tukashuka hadi bandarini Malindi tukaangalia vyombo vilivyofungwa pale.

Kikabaki kitu kimoja kilichokuwa kikinisumbua: vidole vya mtoto, virefu kuliko umri wake. Nikamuuliza kama amekusudia. Akasema ndiyo, hiyo ni mikono ya mdogo wake alipokuwa na miaka saba, mikono iliyotangulia kukua kabla ya mwili.

Mkono umebaki kama ulivyo. Ganda la chungwa tu, linaloning'inia chini ya kidole gumba, amelisogeza kidogo likaelekea omo.