Siku moja maishani mwangu: kuwarudisha wanyama kwenye miguu yao

Saa 1:30 asubuhi. Kazi yangu ni fiziotherapia ya wanyama, yaani kuwarudishia mwendo baada ya jeraha au upasuaji. Nasoma mafaili. Kila mnyama anayenijia ameshapita kwa daktari wa mifugo. Bila picha ya eksirei na maelezo ya upasuaji sianzi kazi, kwani kuchechemea ni kule kule, awe amevunjika mfupa au amekaza msuli, lakini tiba ni mbili tofauti kabisa.

Saa 2:00. Mbwa mwenye mgongo mrefu na miguu mifupi. Diski, ule mto ulio kati ya mifupa ya uti wa mgongo, ilichomoka ikabana neva, akafanyiwa upasuaji, na sasa anaburura miguu ya nyuma. Namlaza ubavu, nakunja na kukunjua kiungo kimoja kimoja kisikakamae. Kisha nambana kidole cha mguu. Akivuta mguu tu sishangilii, maana neva za uti wa mgongo zinaweza kuuvuta zenyewe bila ubongo kujua lolote. Ninachongoja ni kichwa. Leo amegeuka ghafla akanikodolea macho kwa hasira, nami nikafurahi kupita kiasi. Mwenye mbwa namkumbusha kumgeuza ubavu kila baada ya saa chache asipate vidonda.

Saa 4:00. Mbwa mkubwa aliyekatika ligamenti ya goti, ule mkanda unaoshikanisha mifupa. Kidonda cha upasuaji kimefunga, kwa hiyo leo anaingia kwenye mashine ya kutembelea ndani ya maji. Maji yakimfika usawa wa nyonga, miguu hubeba zaidi kidogo tu ya theluthi moja ya uzito wake. Wenye wanyama huipenda sana mashine hii. Simu zote hutoka mifukoni. Mimi naona kazi kubwa inafanyika nyumbani, kwa kamba fupi na mwendo wa taratibu. Mbwa akienda mbio hurukaruka kwa miguu mitatu na ule mbovu ukabaki hewani. Ukimpunguza mwendo, analazimika kuukanyagia. Kabla hajaondoka napima mzunguko wa paja kwa futi ya kamba, mahali pale pale kila anapokuja, kwa sababu macho hudanganya, hasa manyoya yakiwa mengi.

Saa 6:30 mchana. Paka mzee, nyonga zimechakaa. Dakika chache za kumkanda na taulo la moto. Paka akisema basi, ni basi.

Saa 9:00. Farasi aliyeumia kano ya nyuma ya mguu wa mbele. Kano hupona kwa kovu, na kovu halinyumbuki kama kano ya asili, ndiyo maana marudio ya jeraha ni mengi. Anatembezwa kwa mkono, kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, na muda unaongezwa kidogo kidogo kwa miezi mingi kadiri picha za ultrasaundi zinavyoruhusu. Mwenye farasi ameniuliza tena lini atampanda. Kumzuia mtu ni kazi nzito kuliko kumzuia farasi.

Saa 11:00 jioni. Naandika ripoti za kuwapelekea madaktari. Mwenye yule mbwa wa goti amenitumia video: mbwa anakimbiza mpira, anauliza kama si amepona. Nimemwambia mpira aufiche, kisha apige nyingine mbwa akitembea, simu iwe nyuma yake, chini usawa wa nyonga.