Ile amina ya Jumanne

Wiki hii Mama katolewa mtoto wa jicho na anaona vizuri, ada ya madrasa imelipwa, umeme umekatika mara tatu. Lakini kinachoninyima usingizi ni ile "amina" niliyoitoa Jumanne.

Mwalimu mkuu wa shule alikuja kwenye karakana yetu ya kushona hapa Ngamiani, Tanga, kuchukua sketi 180. Alizihesabu zote, akamtazama dada yetu wa ovaloki, ile mashine ya kukata na kupinda kingo za kitambaa. Dada huyo ni kiziwi. Akaniambia kwa upole, "Mama, hapa unachuma thawabu. Mungu akulipe kwa kumsitiri huyu."

Nikajibu, "Amina, mwalimu."

Dua haikataliwi, najua. Ila tangu hapo najibu upya kila nikipiga pasi: si thawabu, mwalimu, ni marinda. Sketi yenye kiuno cha sentimita 60 inakula kitambaa cha sentimita 180, maana kila rinda linameza upana wake mara tatu. Ukipiga marinda 20 ya sentimita 3, na kila moja likazidi milimita 2 tu, kiuno kimeshaongezeka sentimita 4. Sketi inashuka, mzazi anairudisha, sisi tunafumua mkanda bure. Dada yetu anapima kila rinda kwa kipande cha kadi ngumu chenye alama mbili, analibana, analipiga pasi, ndipo anatia mkanda. Wanaotia mkanda kabla ya pasi ndio wanaorudishiwa mzigo. Uziwi haujampa miujiza yoyote. Amejifunza kazi, basi. Na fundi wa kiwango hicho tumempata kwa sababu karakana tatu zilimtazama masikio zisimtazame mikono. Angekuwa anasikia, Dar wangeshamchukua zamani.

Anachohitaji ni kidogo. Ukimgusa bega kutoka nyuma anashtuka, na vidole vyake viko karibu na kisu cha ovaloki. Kwa hiyo kuna balbu mbele yake na swichi kwenye meza ya kukatia. Ukiwasha mara mbili anainua kichwa. Mwanzo balbu ilikaa juu ya kichwa chake, na mchana jua la dirishani lilikuwa likiimeza, haioni. Ikashushwa usawa wa macho, upande usio na dirisha. Balbu, swichi na waya wa mita 6, havikufika hata bei ya mita chache za kitambaa.

Kubwa zaidi ni kadi ya oda: kiuno, nyonga, urefu, idadi, rangi ya uzi, na mchoro mdogo. Ilianzishwa kwa ajili yake, lakini waliopona ni mafundi wote. Zamani oda ilitolewa kwa mdomo huku mashine zinanguruma, sitini ikasikika sitini na mbili, na kila mtu akaapa alivyosikia. Ugomvi huo umekwisha.

Mteremko wa mlangoni nao ni hivyo hivyo. Ulijengwa kwa ajili ya mkataji wetu wa kiti mwendo. Fundi mwashi wa kwanza aliujenga wa sentimita 60 kwa kizingiti cha sentimita 15, mkali hata kiti kikataka kupinduka kinyumenyume. Kipimo ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda, yaani sentimita 180. Sasa hata wabeba majora wanasukuma mkokoteni hadi ndani, hawadai tena pesa ya kupakua mlangoni.

Binamu ananiambia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Sisi tuko saba, haitugusi. Akanisomea pia kwamba mwaka 2018 Accenture, kampuni ya ushauri wa biashara, walichambua kampuni 140 za Marekani, na zile 45 zilizoongoza katika kuajiri na kuwawezesha watu wenye ulemavu zilikuwa na mapato ya juu kwa asilimia 28 kuliko nyingine. Huenda pesa ndizo zilizotangulia huko. Mimi naamini daftari langu la marudio: sketi 14 zilirudishwa katika 150 kabla yake, 2 katika 200 mwezi wake wa kwanza.

Hayo yote ningemwambia mwalimu. Nikasema amina.

Na dada wa ovaloki aliona midomo yetu ikicheza. Jumatano asubuhi kaniwekea kadi ya oda kifudifudi, nyuma kaandika: "Marinda alisemaje?"

Nilikaa nayo hadi adhuhuri. Mwalimu hakusema neno juu ya marinda. Alizungumza juu yangu na juu ya Mungu, kazi ya mtu akairuka. Mwisho nikaandika ukweli: "Hakusema. Amehesabu zote, hakutoa kasoro hata moja."

Akasoma, akaandika chini yake: "Basi ameridhika. Sindano namba 14 zimebaki mbili." Akarudi kwenye mashine.

Nimezinunua pakiti tatu leo, na ankara ya mwalimu nimeiandika upya. Chini ya bei nimeongeza mstari: marinda yamepimwa moja moja na fundi wetu mkuu wa sketi. Kesho inakwenda, na mshahara wake unapanda kuanzia mwezi huu kwa cheo hicho.