Sekunde sita za ndama

Safari ya Houston ilikuwa ya kumwona dada aliyejifungua, na siku zangu nyingi ziliishia jikoni. Jumamosi moja shemeji akanipeleka kwenye rodeo, mashindano ya wachunga ng'ombe wapanda farasi, nje kidogo ya mji. Maegesho dola 20, chupa ya maji dola 5! Kwa pesa hiyo Shinyanga tungekula nyama choma watu wanne, tena tumekaa kivulini. Pale tulikalia mabenchi ya chuma yaliyochomwa na jua.

Kisha ndama akafunguliwa. Mpanda farasi akamfuata mbio, akarusha kitanzi, kikanasa shingoni. Farasi akafunga breki, mtu akaruka chini, akamwangusha ndama kwa ubavu, akachomoa kikamba alichokuwa amekiuma menoni, akamfunga miguu mitatu, akainua mikono. Nilianza kupiga makofi. Mzee mweusi mwenye kofia pana, jirani yangu, akanishika bega: ngoja kwanza. Yule bwana akapanda tena farasi, akasogea mbele, kamba ikalegea. Sasa ndama alitakiwa akae amefungwa sekunde 6. Akafurukuta, miguu ikachomoka. Kazi yote bure.

Uchungu ulinipata kwelikweli. Nimekua nikishika ndama wa babu siku za chanjo, na najua nguvu za yule mnyama anapoamua kuondoka.

Mzee akaniambia nisingejua kazi hii bila kumjua Fred Whitfield. Ni mtoto wa huko huko, alizaliwa Houston mwaka 1967. Ubingwa wa dunia wa kufunga ndama aliuchukua mara 7, wa kwanza mwaka 1991, wa mwisho 2005. Mwaka 1999 akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa jumla wa dunia, yaani wa michezo zaidi ya mmoja ya rodeo kwa pamoja. Zawadi zake zilivuka dola milioni 3. Nikawakumbuka vijana wa kwetu wanaoangusha fahali kwa mikono mitupu, halafu wanaitwa hawana ujuzi. Iliniuma.

Usiku nikampigia kaka. Aliposikia kuwa farasi wa kazi hiyo anaweza kuuzwa bei ya gari jipya, akauliza huyo Fred alimpata wapi, au kwao walikuwa matajiri? Nikamwambia hapana, mama yake alikuwa akifanya kazi za ndani kwenye nyumba yenye farasi, na kijana wa nyumba ile akawa rafiki wa Fred. Huko ndiko alikojifunzia kurusha kamba.