Siku moja chini ya tangi la choo, jangwani Arizona

Mmeziona picha za wazee wa Kimarekani wakizunguka nchi yao na nyumba za magurudumu, RV kama wanavyoziita. Picha hizo hazionyeshi tangi lililo chini ya sakafu. Kila kitokacho chooni huingia humo na kukaa humo mpaka mwenye gari akamwage. Likitoboka, napigiwa simu mimi. Ndugu zangu wa Tanga wananiuliza kila mara huku nafanya kazi gani hasa. Hii hapa siku moja ya Februari.

Saa 11 alfajiri. Natoka Phoenix na kijana wangu wa kazi, mzaliwa wa Uvira aliyekulia kambi ya Nyarugusu. Tunashika barabara kuu ya I-10 kuelekea magharibi. Yeye analala, mimi na chai yangu ya tangawizi.

Saa 1 asubuhi. Quartzsite ni mji mdogo, lakini majira ya baridi jangwa linaloizunguka hujaa RV hadi upeo wa macho. Wazee wanakimbia theluji ya kaskazini. Pale La Posa, kwenye ardhi ya serikali, kibali cha msimu kinamruhusu mtu kukaa tangu 15 Septemba hadi 15 Aprili. Hakuna umeme wala bomba la majitaka mlangoni. Kila mmoja anabeba maji yake na uchafu wake, na kumwaga wa chooni ardhini ni kosa la kisheria. Ndiyo maana tundu dogo linakuwa jambo kubwa.

Saa 2 hadi saa 4. Pampu ya maji, kisha vali iliyokwama. Zote zimeisha salama.

Saa 4 na robo. Mzee mmoja kutoka Minnesota na mkewe. Kwenye simu alikuwa ameniambia mambo mawili: tundu ni dogo, na tangi ni tupu. La kwanza lilikuwa kweli. Nililala chali, nikafungua kifuniko cha plastiki kinachoziba tumbo la gari, nikamulika tochi. Kuna mtu aliwahi kukifunga kwa skrubu ndefu kupita kiasi, ncha ikapenya ukuta wa tangi. Tundu lenyewe halikuzidi milimita 4. Mzee alipoona linavuja alisokomeza skrubu nene zaidi yenye mpira, akaikaza kwa nguvu zake zote, akapaka na gundi juu. Kule kukaza ndiko kulikozaa ufa, mwembamba kama unywele, wenye urefu wa kidole. Matone ya kahawia yalikuwa yanajikusanya juu yake, moja baada ya jingine.

Nikagonga ukuta wa tangi kwa konzi. Juu mlio ulikuwa mwepesi, kuanzia katikati kushuka chini ukawa mzito.

"Mzee wangu, tangi hili si tupu."

"Nilimwaga jana."

Alimwaga kweli, ila yalitoka maji tu. Kabla ya kuja hapa alikaa kwenye kambi yenye bomba la majitaka, na muda wote huo aliacha vali ya kumwagia wazi akidhani anajirahisishia. Ukifanya hivyo maji yanakimbia, kinyesi na karatasi vinabaki vikijirundika chini ya choo na kukauka. Vali hufungwa mpaka tangi likaribie kujaa, ndipo maji mengi yashuke na kila kitu kwa mkupuo. Nilimweleza taratibu. Akasema ameendesha RV tangu mimi sijazaliwa. Kisha ukaja ule wimbo ninaousikia kila wiki: tundu ni dogo hivi, kazi ya dakika 15, kwa nini nitoze malipo ya saa nne za kazi?

Hapo ndipo napochoka kuliko popote. Watu wanapima kazi hii kwa ukubwa wa tundu. Kuchomelea kwenyewe ni dakika chache, nakubali. Lakini plastiki yenye mafuta, unyevu au kinyesi haishiki kitu, na tangi likijazwa tena, galoni 40 ni zaidi ya kilo 150 zinazolisukuma kiraka chako kwa kila shimo la barabarani. Nikampa tochi, nikamwomba apige magoti auone ufa kwa macho yake. Alipiga. Akanyamaza, akaingia ndani kuchukua funguo.

Skrubu yake niliiacha mahali pake izuie mpaka tufike kituo cha kumwagia, na beseni tukalifunga chini kwa mikanda. Foleni! RV mbele yetu zilijipanga hadi nje ya lango, na kila mmoja hana haraka: anavaa glavu, anavua, anasimulia habari za mbwa wake. Jua likatukuta hapo, likatupita utosini. Mzee alikuja dirishani kwangu mara kwa mara kuuliza kama saa za foleni nazo anahesabiwa. Nilimwambia ndiyo, kila mara kwa upole uleule.

Zamu yetu ilipofika tulipeleka mpira wa maji kupitia chooni na kulisugua tangi kwa shinikizo. Mwanzoni mwa bomba la kumwagia tunafunga kiungo cha plastiki angavu, unaona kila kinachopita. Kijana alikuwa amekikodolea macho.

"Kaka, bado iko inatoka nyeusi."

Tukajaza, tukamwaga, tukajaza tena, mpaka maji yakapita meupe. Glavu ndefu, miwani, barakoa, na chanjo ya homa ya ini: kwangu hivyo ni vifaa vya kazi sawa na keekee. Halafu feni juu ya tundu la choo, kwa sababu tangi hilo hutoa gesi ya methani, nayo hushika moto. Asiyesubiri hewa ibadilike asiguse pasi ya umeme tunayoyeyushia plastiki.

Saa sikuziangalia tena baada ya hapo. Nilikwangua unyoya wa plastiki, nikautupa kwenye kikombe cha maji. Ukaelea. Basi ni polithini. Ingekuwa ABS, plastiki nyingine ya matangi haya, ingezama, na asetoni ingeilainisha ikanata. Hili ndilo swali la kwanza la kazi nzima: ABS hushikana vizuri kwa gundi yake, polithini hukataa gundi hiyo. Ile ya mzee niliibandua kwa ukucha, ikatoka vipande vizima.

Skrubu nje. Kitobo cha milimita 3 kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee kutembea. Nikachimba mfereji juu yake, nikakwangua mpaka plastiki mpya, nikafuta kwa spiriti. Kisha pasi: unayeyusha ukuta na fito ya polithini hiyohiyo kwa pamoja, polepole, mpaka ziwe kitu kimoja, unazamisha wavu wa chuma kisichoshika kutu, unapitisha tabaka jingine juu. Yote hayo chali, shingo imekakamaa, mikono juu. Ule mstari ukikaa sawa, laini, bila kapovu hata kamoja, sibadilishani kazi na mtu.

Tukaacha kiraka kipoe, tukajaza tangi hadi juu kwa maji safi, tukatandika karatasi kavu chini. Kijana alizunguka na tochi akipapasa kila kona. Karatasi ilibaki kavu. Mzee naye akainama akapapasa mwenyewe, akalipa saa zote bila neno, na foleni ndani yake. Mkewe akatuletea sahani ya mikate na nyama.

Nilikuwa nafunga sanduku la vyombo mzee alipouliza kama tangi la maji ya kuogea nalo naweza kulitazama, lina unyevu pembeni. Nikamwambia kesho saa 2 asubuhi, aje nalo limeshamwagwa na kusuuzwa.