Gari lililala upande mmoja, nikatoa shilingi 197,000

Mwanzoni nilidhani ni pancha. Ilikuwa Jumatatu alfajiri, South B, mvua ya usiku ndiyo kwanza imekatika, na Land Rover Discovery 3 yangu imeinama mbele kulia kama ng'ombe aliyepiga goti. Nikalibonyeza gurudumu: limejaa upepo, gumu kabisa. Lakini bodi ilikuwa imeshuka juu yake hata vidole viwili havipiti. Nikawasha injini. Kule chini kushoto, mbele ya gurudumu la nyuma, kompresa, ile pampu ya hewa, ikaanza kunguruma na ile pembe ikapanda polepole. Nilipofika Mombasa Road taa ya njano ilikuwa imewaka kwenye dashibodi.

Kwa asiyeyajua magari haya, mengi yao, likiwemo langu, hayana springi za chuma. Kila gurudumu lina begi la mpira lililojazwa hewa. Kompresa husukuma hewa, vali huigawa, sensa hupima kimo cha kila pembe. Ukitaka, gari linapanda kwa ajili ya matope. Ukitaka, linashuka kama sentimita 5 ili mtu apande bila taabu. Hiyo ya kushuka ndiyo iliyonifanya nilinunue. Mama yangu ana magoti mabovu, na kila baada ya miezi miwili mitatu namtoa kwao Taita kuja kumwona daktari hapa Nairobi. Nabonyeza swichi, gari linatoa pumzi, fsss, naye anaketi mwenyewe bila kuinuliwa na mtu. Kuinuliwa hakupendi hata kidogo.

Nikalipeleka gereji moja safi, yenye sofa na kahawa. Wakachomeka mashine ya kupima, shilingi 3,500, ikaonyesha kwamba kompresa inafanya kazi kupita muda wake. Wakaniambia kompresa imekufa. Mpya 78,000, kazi 12,000. Nikalipa, nikaondoka nimefurahi. Jambo moja tu nililofanya la maana siku hiyo ni kudai kompresa yangu kuukuu. Waliniangalia kwa mshangao, lakini wakanifungia kwenye katoni.

Wiki tatu baadaye gari likalala tena. Pembe ile ile.

Nilikaa kwenye ngazi nikalia kidogo, nasema kweli. Pesa ile nilikuwa nimeitoa kwenye akiba ya karo.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja Industrial Area, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya barabara ya Lusaka. Hakugusa mashine. Aliniuliza, "Mama, linalala usiku kucha au baada ya saa moja?" Nikamwambia usiku. "Pembe moja au zote?" Moja. Akatoa chupa ya kunyunyizia yenye maji ya sabuni ya unga, akaamuru gari lipandishwe hadi kimo cha juu kabisa ili mpira ujikunjue, akaingia chini na tochi. Baada ya muda akaniita, "Njoo uone mwenyewe."

Nikalala juu ya katoni kando yake. Pale mpira unapojikunja, mahali ambapo vumbi na mchanga hujikusanya na kuusaga kila gari linaposhuka na kupanda, palikuwa na mipasuko myembamba kama ya kisigino kikavu. Kwenye mmoja wao povu lilikuwa likivimba, linapasuka, linavimba tena. Kipovu kidogo kama punje ya dengu. Hicho ndicho kilichokuwa kikilaza gari la tani mbili na nusu.

Akanieleza: begi likivuja, kompresa haipumziki. Inasukuma, hewa inatoka, inasukuma tena, inapata moto hadi inajizima. Kwa hiyo mashine haikusema uongo, ila ilikuwa imesoma dalili, na gereji wakauza dawa ya dalili. Tukaitoa ile kuukuu kwenye katoni, akaiunganisha na betri. Ikasukuma hewa vizuri mno, nikaisikia kwa kiganja changu. Shilingi 90,000 za kompresa na kazi, kwa kitu ambacho hakikuwa kimekufa. Hili bado linaniuma, na ndiyo sababu ninaandika: kabla hujakubali kununua kompresa, mwambie fundi apulize sabuni kwanza mbele ya macho yako.

Mabegi ya mbele niliyabadilisha yote mawili, maana yamezeeka pamoja. Sheria yetu inaruhusu gari liingie nchini hadi umri wa miaka 8, kwa hiyo mengi hufika mipira ikiwa imeshaanza kuchoka. 42,000 kila moja, si ya kampuni iliyotengeneza gari lakini ni mapya. Rilei ya kompresa, yaani swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima, 2,000, kwa sababu ikikwama kompresa haizimi, na mzee alikataa kuiacha ya zamani. Kazi 14,000, kupanga magurudumu 3,500. Jumla ya kwake 103,500. Ongeza 93,500 za gereji ya sofa.

Kuna aliyenishauri niyang'oe yote na kuweka springi za chuma, 95,000, "usahau maneno ya hewa." Simlaumu, wapo waliofanya hivyo na wanaendesha kwa amani. Lakini springi haishuki. Na ile njia ya nyumbani baada ya lami ya Wundanyi kuisha, wakati wa masika, inataka gari linalopanda.

Jumamosi nilimchukua Mama. Nikabonyeza swichi, gari likashuka, akashika mpini wa mlango, akaketi. "Limepona?" akauliza. Nikamwambia limepona.

Siku hizi kila Jumapili usiku napima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pembe zote nne, nayaandika kwenye daftari la jikoni. Asubuhi napima tena. Leo ya mbele kulia imepungua milimita 2, nyingine zote hazijasogea.